Majani Kumi na Tisa ya Ardith Nieland

Ardith Nieland aliwapikia watoto wa shule ya Kessel, jimbo la Iowa, kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, mwenye mikono mikubwa iliyozoea sinia za moto. Ukimwona Jumapili kanisani ameshika bakuli lake la maharage, akingoja zamu yake mezani, usingedhani kwamba kuna watu wa Ohio na Pennsylvania waliokuwa wakimpigia simu kumuuliza jambo. Lakini walipiga. Walimuuliza habari za vyombo.

Vyombo hivyo ni vya kaure nzito nyeupe, vilivyofinyangwa Uingereza enzi za mababu na kuvushwa bahari ili viuzwe kwa wakulima wa huku. Katikati ya sahani, au tumboni mwa jagi, huchorwa jani dogo la mng'aro wa shaba. Jani la chai, ndivyo wanavyoliita. Wenye kuvikusanya wana chama chao, na wengi wao kinachowavuta ni jani. Ardith alikuwa mtu wa umbo.

"Jani msilitazame," alikuwa akiwaambia wageni wa chama. "Jani hupakwa na yeyote mwenye brashi. Shika mkono wa chombo. Shika kirungu cha kifuniko. Umbo ndilo litakalokwambia nani alikifinyanga, na lini."

Kisha alifumba macho, akanyoosha mikono, nao wakampa chochote walichotaka. Huu mkono una mafundo kama mwanzi. Huu umejikunja kama ndoana. Huu ukingo una msuko wa kamba, na hii kamba ni ya mfinyanzi fulani, si ya yule mwingine, kwa kuwa yule mwingine alisuka nyembamba. Hakukosea. Mwaka mmoja huko Missouri mwanamume mmoja alimpa bakuli la plastiki kumjaribu. Ardith alilipapasa, akamrudishia, akasema, "Hili ni la mbwa wako." Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Fahari yake ilikuwa jagi moja. Alilikuta mwaka wa themanini na saba katika mnada wa shamba karibu na mto, limejazwa vibanio vya nguo. Chini halikuwa na muhuri wowote. Mkono wake ulikuwa na mafundo manne, na pale ulipoungana na tumbo ulijisokota kidogo, kama ganda la hindi linapomenywa. Hakuna mtu chamani aliyewahi kuona umbo la namna hiyo. Walibishana miaka miwili, mwishowe wakakubali kwamba ni umbo geni, na kwamba aliyelipata ndiye alipe jina. Ardith aliliita Bua. Hakujaliwa mtoto. Hicho ndicho kitu pekee duniani alichokipa jina.

Shoga yake alikuwa Lavonne Prouty. Walikutana mnadani mvua ikinyesha, mwaka wa sabini na nne, wote wawili wakiinyooshea mkono sahani moja. Lavonne alikuwa na saluni barabara kuu, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake. Ardith alimnong'oneza, "Iache, ukingo umetengenezwa upya." Lavonne akashusha mkono, na tangu siku ile wakawa mashoga wa kufa na kuzikana. Kila Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri Lavonne alipiga honi nje, wakaenda minadani na chupa ya kahawa katikati yao. Mumewe Ardith, Harlan, alipofariki, Lavonne alifunga saluni na kulala kwa Ardith siku kumi na moja, akimwosha nywele, akimlisha mchuzi kwa kijiko.

Halafu macho ya Ardith yakaanza kufa.

Daktari wa Waterloo alimweleza bila kuzunguka. Pembeni ataendelea kuona, ila katikati patakufa. Akikutazama usoni, masikio yako atayaona na uso wako hatauona. Ardith aliuliza swali moja tu, kama mikono nayo itaharibika. Daktari akacheka, akasema mikono haina shida.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika mwaka mmoja aliacha kuendesha gari. Akishika sahani mbele ya uso, aliona duara la ukingo, na pale lilipokuwa jani aliona doa la kijivu, kama moshi. Moshi huo ulikuwa juu ya kila kitu, juu ya mkate na juu ya Biblia, kwa hiyo hakuushangaa juu ya sahani.

"Usijali, shoga," Lavonne alimwambia. "Macho yangu ni yako. Kwani nayafanyia nini kingine?"

Akawa anakuja kila Jumanne na mkoba wake wa nyuzi za kufumia, anamfutia vumbi kwenye kabati la vyombo, sahani moja moja, huku anamsimulia. "Hili jani linang'aa kama senti mpya. Hili limefifia kidogo, si unalijua, lile la ndoana." Ardith alikaa kwenye kiti cha jikoni na kusikiliza. Alisema baadaye kwamba miaka ile miwili aliyaona majani yake vizuri kuliko alipokuwa na macho, kwa jinsi Lavonne alivyojua kueleza.

Na Jumamosi waliendelea kwenda minadani. Ardith hakununua tena, alipenda tu kushika. Lavonne ndiye aliyenunua, na ajabu ni kwamba alinunua vyeupe vitupu, vile visivyo na jani hata moja. Vyombo hivyo viko vingi. Vilitoka katika tanuri zilezile, kwa maumbo yaleyale, ila havikupita kwa mchoraji, na watu huku huvitumia kulishia paka.

"Navipandia maua," Lavonne alisema. Kisha alimwekea Ardith kimoja mikononi. "Hiki umbo gani, shoga?"

"Ndoana."

"Una hakika?"

"Lavonne, niulize jina la mama yangu kwanza."

"Na hiki?"

"Kamba. Ile nyembamba. Mimi yangu ni nene."

"Basi hiki nakiacha," Lavonne alisema, akakirudisha.

Mwezi wa Septemba, Alhamisi mchana, simu ililia. Alikuwa mwanamke wa chama kutoka Ohio, mhariri wa jarida lao. Walikuwa wanaandika ukurasa juu ya umbo la Bua na walihitaji kimo cha jagi na upana wa kitako. Ardith alifurahi, akasema atampigia baada ya nusu saa. Alichukua futi yake ya zamani ya cherehani, ambayo aliifunga uzi kila inchi ili aihesabu kwa kidole, akapanda ngazi ndogo na kulishusha jagi kutoka rafu ya juu.

Alilishika kwenye mkono wa jagi, na vidole vikahesabu vyenyewe. Fundo moja. Mawili. Matatu. Kisha tumbo la jagi.

Alirudia kutoka chini. Matatu.

Alilikalisha mapajani, akatafuta pale penye msokoto. Palikuwa laini. Akaligeuza kichwa chini, akapitisha kidole gumba kwenye kitako, na kidole kikaingia kwenye alama iliyogandamizwa, duara dogo lenye herufi. Lilikuwa umbo la mwanzi, la kawaida kabisa, ambalo huuzwa kila Jumamosi katika kila wilaya. Lilikuwa jagi zuri. Halikuwa lake.

Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba akili nayo imeanza kufuata macho. Jambo la pili alilifukuza kabla halijapata maneno. Kisha akaenda mlangoni na kumwita jirani yake.

Merle Tjaden alikuwa mjane wa kiume wa miaka sabini na sita, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye ghala la nafaka. Alikuwa uani akichuma nyanya za mwisho. Alikuja na ndoo mkononi.

"Merle, nitakuuliza jambo la kijinga."

"Uliza. Nimejibu mengi ya kijinga."

"Hili jagi lina nini tumboni?"

Merle aliligeuza upande huu na ule. "Halina kitu."

"Hakuna jani? Jani la rangi ya shaba."

"Jirani, ni jeupe. Jeupe kama yai."

Ardith alifungua kabati lote. Alimwambia Merle akae mezani, akaanza kumletea chombo kimoja kimoja. Alikishika kwanza mwenyewe, akakitaja umbo lake kimoyomoyo, kisha akakiweka mbele ya Merle.

"Hiki?"

"Kina jani."

"Hiki?"

"Kina."

"Hiki?"

"Cheupe."

Ardith alikirudia kile kisahani kwa vidole. Ndoana, sawasawa, ukingo ule ule, uzito ule ule. Vidole vyake havikupata kosa. "Tazama vizuri. Kigeuze kwenye dirisha."

"Nimekigeuza. Ni cheupe, Ardith."

Walikwenda hivyo mpaka kabati likabaki tupu. Vyombo sitini na vitatu. Vyenye jani arobaini na vinne. Vyeupe kumi na tisa, na hivyo kumi na tisa vilikuwa vile vilivyo bora: bakuli la supu lenye kifuniko, buli la chai, bakuli la sukari, kile chombo cha kunyolea cha babu yake Harlan. Vyote vilikuwa na umbo sahihi isipokuwa lile jagi tu. Yaani umbo la Bua halikupatikana mnadani, na aliyekuwa akitafuta alichoka, akaweka kilichofanana.

Merle alikuwa hajui lolote kuhusu vyombo, lakini alijua nani huingia nyumba ile. Alisafisha koo. "Kuna mtu mwingine anayefungua hili kabati?"

Ardith alikuwa anakumbuka Jumamosi moja, mvua, banda la mnada linanuka soseji na matope, Lavonne amemwekea mkononi buli la chai. Hili umbo gani, shoga? Una hakika? Naye alikuwa amesema ndiyo, nina hakika. Alikuwa amemchagulia. Kila chombo kilichotumika kumdanganya kilipita kwanza mikononi mwake, akakitambua, akakithibitisha kwamba kinafaa.

Ohio walipiga tena simu. Aliiacha ikalia.

Siku ya pili Merle alimpeleka kwa Lavonne kwa gari lake la mizigo. Ardith hakutaka kupiga simu kwanza. Gene, mume wa Lavonne, ndiye aliyefungua mlango, akafurahi kumwona, akamshika kiwiko.

"Karibu, karibu. Umekuja kutembelea watoto wako?"

"Watoto gani, Gene?"

"Si vile vyombo. Nimemwambia Lavonne, Ardith ana moyo mkubwa, mimi nisingempa mtu vitu kama vile."

Lavonne alitokea jikoni, na Ardith alisikia hatua zake zikisimama. Hakukuwa na salamu. Ardith alipita katikati yao, akipapasa viti, mpaka chumba cha kulia chakula, akalifikia kabati la kona na kuufungua mlango wake wa kioo. Aliingiza mkono. Chombo cha kwanza kilichokutana na mkono wake kilikuwa na mafundo manne na msokoto chini.

Hakulitoa jagi. Alilishika tu pale rafuni.

"Shoga," Lavonne alisema.

"Usiniite hivyo. Niambie nisikie."

Gene aliuliza kuna nini, mara mbili.

"Ulikuwa huyaoni majani," Lavonne alisema mwishowe, sauti yake ndogo. "Nilikuwa nakaa pale kila Jumanne nayafuta, na wewe mwenye mali huyaoni. Nilianza na kisahani kimoja. Nikasema nitakirudisha. Ukakishika kile cheupe, ukatabasamu tabasamu lilelile. Lilelile, Ardith. Nikasema, basi, yeye hajapungukiwa na kitu."

"Hajapungukiwa."

"Wewe mwenyewe umesema maisha yako yote, jani si kitu. Umbo ndilo kitu. Maumbo nimekuachia. Nilihakikisha kila kimoja ni sawa, sikukuletea takataka. Niliyachukua majani tu."

"Na Bua?"

Lavonne alianza kulia, na alilia kama alivyozungumza, kwa wingi na haraka. Ardith alingoja atulie kidogo.

"Kila Jumanne," Ardith alisema, "ulikuwa unanieleza. Hili linang'aa kama senti mpya. Ulikuwa umeshika sahani tupu."

"Nilikuwa nakueleza lilivyo. Lilikuwa linang'aa hivyo hivyo, hapa kwangu. Sikukudanganya lilivyo."

Merle, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipomwogopa Lavonne, kwa sababu alikuwa anasema kweli na anaamini.

"Ungeniomba ningekupa," Ardith alisema. "Vyote. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Ulikuwa umeandikwa kwenye wosia, Lavonne. Kwa mwanasheria, jina lako."

Hili Lavonne hakulijua. Alikaa kwenye kiti kwa nguvu hata kiti kikalia. Ardith alifunga mlango wa kabati taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa, akamwambia Merle twende.

Jumatatu Gene alileta vyombo vyote kumi na tisa katika maboksi ya ndizi, vimefungwa magazeti. Alikuwa mzee wa kutia huruma siku ile. Alisema hakujua, na Ardith alimwamini, kwa kuwa Gene hakuwahi kujua hata bei ya mkate. Aliacha na bahasha juu ya meza. Barua ya Lavonne, kurasa nyingi, kwa unene wake. Ardith aliipapasa, akaitia katika droo ya vitambaa. Ili aijue ingebidi mtu amsomee, na mtu wa kumsomea alikuwa yule yule aliyeiandika.

Merle alimsaidia kurudisha vyombo kabatini. Akimaliza kila kimoja alisema, "Kina jani." Walipomaliza Ardith alimshukuru, akampa pai ya tufaha aende nayo. Kesho yake akamwita mke wa mchungaji, akamwambia anataka kuvihesabu kwa ajili ya bima, naye akavipitia vyote upya, kimoja kimoja, akisema kina jani, kina jani. Hesabu ya Merle ilikuwa sahihi. Ardith aliona haya. Mzee wa watu alikuwa amempandisha na kumshusha kwenye gari na kumhesabia vyombo bila kunung'unika, naye amemwekea shahidi nyuma ya mgongo. Lakini hata haya hazikumzuia. Majira ya baridi yalipoingia, alikuwa ameshamtafuta mtu wa tatu.

Hicho ndicho alichochukua Lavonne ambacho Gene hakuweza kukirudisha kwa boksi. Mtu asiyeona huishi kwa vinywa vya wengine. Muuza duka akimwambia noti hii ni ya ishirini, anaiweka mfukoni. Sasa Ardith aliisugua noti, akauliza tena, akaenda kuuliza kwa muuzaji wa pili. Watu wa Kessel walianza kusema amekuwa mgumu. Wengine walisema wazi, wanawake wawili wazee wamekosana kwa ajili ya sahani. Kanisani Lavonne alihamia viti vya nyuma. Chama hakikuambiwa kitu. Jarida lilitoka na kimo cha Bua, inchi nane na robo, na jina la Ardith chini yake.

Alibadilisha wosia. Vyombo vitakwenda kwenye jumba la kumbukumbu la wilaya, na mwanasheria alipomsomea karatasi kabla ya kutia saini, Ardith alimwomba karani wa ofisi naye aisome.

Mwezi wa Aprili Merle alisimama mlangoni Jumamosi saa moja, akamwambia kuna mnada barabara ya Grundy na yeye anataka kwenda kutazama trekta, na gari lina nafasi. Ardith alisema hana haja. Merle alisema sawa, akabaki amesimama pale pale. Mwishowe Ardith akachukua koti.

Trekta halikuwa na maana. Walijikuta kwenye meza za vyombo, Merle anampitishia vitu bila mpangilio, glasi, kikaango, taa.

"Na hii sahani."

"Si sahani, Merle. Hili ni bakuli la mboga, na hapa ndipo kinapokaa kifuniko, ambacho hakipo." Vidole vyake vilikwenda ukingoni. "Kamba. Ile nyembamba."

Mwanamke kijana upande wa pili wa meza alisikia, akauliza amejuaje. Ardith akamshika mkono, akauweka ukingoni, akampitisha kwenye msuko pole pole. Yule akasema kweli, anaisikia. Akasema halafu lina jani zuri sana katikati, la rangi ya shaba.

Ardith aliuachia mkono wa yule mwanamke.

"Merle," alisema, "mwite mtu mwingine."

"Wa nini?"

"Mwite tu."

Merle alimtazama yule mwanamke, akamwashiria asichukie, akaenda kumtafuta mtu.